Mama wa Nani

Jumatatu, 5 Mei

Sare za kwaya bado hazijaisha. Kola zote nimezifumua na kuanza upya kwa sababu mwenyekiti wa kwaya amebadili mawazo. Wiki iliyopita alitaka kola za pembe. Leo anataka za duara. Malaika watakuwa wanakagua kola, nadhani.

Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Cherehani langu la mota likalala. Nikahamia la mama, la kukanyaga. Yeye akachukua mapazia ya mteja akaanza kuyapinda kwa mkono. Mama halalamiki. Hata hilo linaniudhi.

Hapa sokoni Tsoka habari ni moja tu. Amri. Wakimbizi wote tunaoishi Lilongwe turudi kambini Dzaleka, na muda tuliopewa umekwisha. Jirani yetu wa baraza, muuza vitenge, Mmalawi, mtu mwema, aliniuliza kwa huruma kama tumeshafunga mizigo. Nikamwambia nina kola za kushona. Akacheka. Mimi sikucheka.

Miaka kumi tumekaa mji huu. Tumepanga Likuni, chumba na sebule. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa. Jembe tulilishika. Tumewashonea watu wa hapa sare za shule, magauni ya harusi, hata nguo za kuzikia. Kwao bado ni siku ya pili.

Alhamisi, 8 Mei

Wamemchukua mama.

Nilikuwa nimepeleka sare kanisani. Narudi, baraza tupu. Cherehani lake limelala ubavu, pazia la mtu limebanwa chini ya sindano. Muuza vitenge ndiye aliyenieleza. Lori lilisimama, wakashuka wanaume, wakauliza nani si wa hapa. Hakuna aliyemtaja. Basi mmoja akaanza kuwasalimu wanawake mmoja mmoja kwa Kichewa. Mama alijibu vizuri kabisa, kila neno mahali pake, lakini kwa ulimi wa kwetu Walungu, Kongo. Yule bwana akamwambia apande.

Kwa salamu! Miaka kumi ya ndili bwino na zikomo, sijambo na asante zao, halafu anakamatwa kwa kuitikia. Angenyamaza wangempita. Lakini mama hawezi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini.

Aliomba amalize pindo kwanza, kwa sababu mwenye pazia anakuja kulichukua leo. Wakakataa.

Nimelimaliza mimi. Nimeshona kwa hasira na pindo limekwenda upande. Sijalifumua. Mwenye pazia alilipokea akasema zikomo, akaondoka haraka, macho chini.

Ijumaa, 9 Mei

Dzaleka.

Nimemkuta mama kwa Mugisho. Mugisho ni mdogo wangu, hakuwahi kutoka kambini. Anatengeneza viti, anafundisha kwaya, na mke wake Esperansi ana mimba kubwa. Nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, na sasa watu wanne. Mama alikuwa ameketi nje anachambua maharage, kama mtu aliyekuja kutembea tu.

Nikamuuliza kama walimpiga. Hapana. Kama amekula. Ndiyo. Kama alilia. Akaniangalia, akarudi kwenye maharage yake.

Hapa zamani palikuwa gereza. Wenyeji wanasema hata jina lilitokana na wafungwa, kwamba maana yake ni "nitaacha". Mfungwa aliapa kuacha wizi, akatoka. Mimi niape kuacha nini? Kushona?

Jumapili, 11 Mei

Kanisani wamemlaki mama kwa vigelegele. Mama Nsimire amerudi. Mama Nsimire, karibu. Mama Nsimire, umekonda. Mama Nsimire huku, Mama Nsimire kule, na mimi nyuma yake nimebeba kiti chake.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Jina hilo limenichosha tangu utoto.

Kwetu mwanamke hana jina lake. Akizaliwa ni binti wa fulani. Akizaa ni mama wa fulani. Mama alibatizwa Veronika, na sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo zaidi ya padri. Ni Mama Nsimire, kwa mtoto wake wa kwanza. Nsimire alipotea wakati wa vita vya kwanza, tukikimbia kutoka Uvira. Mimi nilikuwa mgongoni, sikumbuki kitu. Sijawahi kumwona dada huyo hata kwenye picha. Lakini nimebeba masufuria ya mama yangu nchi mbili, nimemuuguza malaria, nimemlipia pango, na watu wakinitambulisha wanasema: huyu ni wa pili, mdogo wa Nsimire.

Wanawake wengine waliopoteza mtoto wa kwanza waliacha, wakaitwa kwa mtoto aliyebaki. Mama akiitwa Mama Namwezi, kwa jina langu, haitiki. Niliwahi kujaribu kuwafundisha majirani wa Likuni. Aliwarekebisha mmoja mmoja, kwa upole, mpaka wakaacha.

Nina wivu na mtu ambaye hayupo. Ndiyo hivyo.

Jumatano, 14 Mei

Tumeitwa! Dosiye yetu, jalada la kuhamia Kanada. Miaka imepita tukidhani panya wameila, na leo Mugisho amekuja mbio kutoka ubao wa matangazo, randa bado mkononi. Mahojiano ni Jumanne. Mama, mimi, Mugisho na Esperansi, familia moja, dosiye moja. Anayeiongoza ni mama.

Mugisho alishaanza kuongea habari za theluji. Esperansi anataka mtoto azaliwe huko. Nikamwambia tumbo lake halitasubiri wazungu. Tulicheka. Mara ya kwanza tangu lori.

Mama alisema ni vizuri. Akauliza kama kule Kanada kuna Wakongo wengi. Nikasema wapo. Akauliza kama wanatoka pande zote, hata za Fizi. Nikasema sijui, labda.

Jumanne, 20 Mei

Imeharibika.

Aliyetuhoji ni mwanamke wa makamo, mpole, ana miwani. Pembeni mkalimani, kijana aliyesomea Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Yote yalikwenda sawa mpaka kwenye watoto. Mama akasema amezaa watatu. Kwenye dosiye tuko wawili. Mama wa miwani akasema watu wake walipita kwa majirani jana kuuliza habari zetu, na majirani wote wanamjua kama Mama Nsimire. Nsimire ni nani, na yuko wapi?

Mama akajibu kama anavyojibu siku zote. "Nsimire iko mu njia."

Sisi tunaelewa. Kwetu njia ni ile njia. Wakati wa njia, watu wa njia, aliyezaliwa njiani, aliyebaki njiani. Mtu akiwa mu njia maana yake njia ilimmeza na hakuna aliyeuona mwili. Kila Mkongo wa Dzaleka ana mtu mu njia.

Yule kijana akatafsiri kwamba Nsimire yuko njiani, anakuja.

Nikaona kalamu inasimama. Mama wa miwani akauliza atafika lini. Kijana akamuuliza mama: "Atafika lini?" Na mama, macho yakang'aa kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kwa adabu namna ile, akasema: "Mungu ndiye anajua."

Nilijaribu kuingilia. Nikaambiwa ningoje zamu yangu. Zamu yangu ilipofika nilieleza, nikarudia, nikapandisha sauti. Walikuwa wameshaamini kwamba tuna mtu tunayemficha mahali, tunayetaka kumchomeka kwenye dosiye dakika ya mwisho. Wanasema watu wengi hufanya hivyo. Mama wa miwani alifunga jalada polepole, akasema tutaitwa tena kufafanua. Kama Nsimire yu hai, waelezwe aliko. Kama amekufa, mama aseme amekufa, lini na wapi. Hakuna la tatu.

Jumatano, 21 Mei

Mugisho amepasua mbao asubuhi nzima bila kutengeneza kitu.

Nilikwenda kumtafuta yule mkalimani. Nikampata kwenye kibanda anakunywa chai. Nilikuwa nimeandaa matusi ya Kiswahili chake na ya kwetu. Akasimama, akaniita dada, akasema kwao "yuko njiani" maana yake ni yuko njiani, yeye angejuaje? Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Matusi yakaniishia mdomoni. Nikaondoka na hasira yangu yote, haina pa kutua.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemfokea mama.

Nilimwambia aseme tu amekufa. Neno moja. Nikamwambia Nsimire amekufa, Mama, kila mtu anajua isipokuwa wewe, na kwa ajili ya mtu aliyekufa unatuzika sisi tulio hai. Esperansi alitoka nje. Mugisho alikaa pale pale akitazama mikono yake, na hakunizuia, maana nilikuwa nasema yake pia.

Mama alingoja nimalize. Akasema: "Mi siwezi kuua mutoto na kinywa."

Kisha akauliza kama chumvi imebaki.

Nilitamani kuvunja kitu. Katika nyumba hii hakuna kitu cha kuvunja ambacho hatukihitaji.

Jumatatu, 2 Juni

Nilipata kibali cha kwenda Lilongwe, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilishukia Lumbadzi, nikapanda minibasi ya mjini, nikaanzia Likuni. Mwenye nyumba ameshaweka wapangaji wapya. Vyombo vyetu vimo kwenye magunia nyuma ya choo. Alisema pole sana, alidhani hatutarudi. Nikamwambia alidhani sawasawa. Ndani nilisikia mtoto wa watu akicheka kwenye sebule yetu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilidhani yetu ilishakatika. Kumbe ilikuwa ndefu tu.

Kule Tsoka, muuza vitenge ametutunzia macherehani yote mawili, ameyafunika kwa turubai. Amelipaka mafuta hata la mama. Alinipa kitenge kipya nimpelekee. Akamwita Mama Nsimire, kwa ulimi wake wa Kichewa, na akaniuliza swali ambalo kwa miaka kumi hakuwahi kuuliza: huyo Nsimire mbona hatujamwona? Nikasema yuko njiani. Limenitoka hivyo hivyo. Akasema haya, akifika mumlete nimpimie kitenge.

Nimerudi na cherehani moja. La kukanyaga. Kambini umeme ni wa kubahatisha.

Alhamisi, 5 Juni

Mama ameongea. Asubuhi, juani, tukimenya mihogo. Baridi ya Juni imeanza na alikuwa amejifunika kile kitenge kipya. Sikumuuliza kitu. Nadhani ndiyo sababu aliongea.

Alianza mbali. Bibi yake alikuwa na shamba la migomba kwenye kilima, huko Walungu. Wazungu wakakitaka kile kilima wapande miti ya kwinini. Watu wakaambiwa washuke. Bibi yake alishuka na mbuzi, na mwanawe mgongoni, na mafiga yake matatu kichwani, maana aliamini mtu akipikia mafiga ya kuokota nyumba haitulii. Mwanawe huyo ndiye aliyemzaa mama. Naye akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akafukuzwa na shemeji zake kwenye shamba. Mama alipoolewa Uvira na baba yangu, mtu wa kiwanda cha sukari, akamchukua aje amsaidie uzazi wa kwanza. Huyo, bibi yangu mimi, ndiye aliyemtoa Nsimire tumboni kwa mikono yake.

Halafu vita. Wakaondoka kwa miguu kuelekea Fizi. Bibi miguu ilivimba, akafika Mboko akasema basi. Walimzika nyuma ya shule, wakasimamisha tofali kichwani.

Mbele ya hapo kulikuwa na daraja. Watu wengi. Mimi nilikuwa mgongoni na homa, sufuria kichwani kwa mama, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine umenishika mimi. Nsimire, miaka minne, akaambiwa ashike kitenge cha mama na asiachie. Risasi zikalia nyuma. Watu wakakimbia.

"Nilisikia kitenge kimekuwa chepesi," mama alisema.

Baba alirudi mpaka darajani, zaidi ya mara moja. Hapakuwa na mwili. Mtu mmoja alisema ameona mwanamke amembeba mtoto wa kike anayelia, wanaelekea ziwani kwenye mitumbwi. Labda Nsimire. Labda mwingine. Wao nao wakavuka kwenda Kigoma. Kambi, baba akafa kwa kuhara damu, Mugisho akazaliwa baada ya mazishi. Kisha kambi ile ikaanza kufungwa, tukaambiwa turudi kwetu, na mama akatushika mkono tukaja huku badala yake. Hapo nakumbuka mwenyewe.

Kila mwanamke wa ukoo wetu ameambiwa aondoke mahali. Kilima, shamba, mji, kambi, Tsoka. Mama aliyasema bila kuinua sauti, kama anayetaja vituo. Mimi ndiye niliyekata muhogo vibaya mpaka nikajikata kidole.

Nikamuuliza basi kuhusu jina. Kwa nini asiitwe kwa jina langu. Sikufoka.

Akafunga kidole changu kwa kipande cha kitambaa. Kisha akasema:

"Mutoto wa myaka ine hajue jina ya mama yake. Anajua jina yake tu. Bakimuuliza, mama yako ni nani, atasema Mama Nsimire. Sasa mi nikikubali baniite Mama Namwezi, ule mutoto atanipata namna gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba yule mtoto sasa ni mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini. Nilitaka kusema mengi. Nikaendelea kumenya.

Ndiyo maana kila kambi alifika na kujitaja kwanza. Ndiyo maana aliwarekebisha majirani wa Likuni. Hakuwa ananinyima. Alikuwa ameweka alama mlangoni, miaka yote hii, kwa mtu asiyejua kusoma alama nyingine.

Nina hasira bado. Lakini imehama. Nawachukia watu waliokaa mezani wakaamua kwamba mtu ama yu hai ama amekufa, na hakuna la tatu. Hawajawahi kuwa na mtu mu njia.

Jumatatu, 9 Juni

Tumeitwa kesho.

Nimemwambia mama aseme anachotaka. Aseme iko mu njia kama anataka, nami nitakaa pembeni kumweleza yule kijana neno kwa neno maana yake. Dosiye ikifa, ife.

Mugisho alinisikia. Alikuja juu. "Yaya, weye hauna mutoto mu tumbo," aliniambia mimi dada yake. Kwamba mwanawe atazaliwa gerezani na atakufa gerezani kwa sababu ya heshima zetu. Nikamjibu vibaya. Naye akanijibu vibaya zaidi. Tulipigana kwa maneno kama watoto, na Esperansi analia ndani, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona vinepi kutoka kwenye shuka kuukuu. Hakusimamisha mguu. Nilidhani hatusikilizi.

Jumanne, 10 Juni

Chumba kile kile, miwani ile ile. Yule kijana aliniamkia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa, maelezo yote yako mdomoni.

Mama wa miwani akauliza: Nsimire yuko wapi?

"Alikufa," mama akasema.

Kwa Kiswahili cha redioni. Hakusema iko. Hakusema njia. Alisema alikufa, akalitamka taratibu ili yule kijana asikosee tena.

Nikamwangalia. Hakunitazama.

Wakauliza alikufa wapi. Mboko. Alikufa kwa nini? Miguu ilivimba, akashindwa kutembea. Mtoto wa miaka minne? Ndiyo, alikuwa dhaifu. Amezikwa wapi? Nyuma ya shule, tofali kichwani. Nani alimzika? Mimi na mume wangu.

Alimpa kaburi la mama yake. Hakuwa na lingine la kumpa. Wao walitaka mahali, naye katika dunia nzima alikuwa na mahali pamoja tu palipo na mtu wake chini ya udongo, akamtoa Bibi akamweka mtoto.

Mama wa miwani alisema pole, na alimaanisha. Akamsogezea karatasi laini za kufutia machozi. Mama hakuzihitaji. Zilikaa mezani.

Kisha yule wa miwani akanigeukia mimi. Je, hivyo ndivyo ninavyojua?

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 13 Juni

Dosiye imepita. Imepelekwa mbele, hatua ya afya. Mugisho amebeba habari hizo kambi nzima.

Na habari nyingine zikatangulia. Sijui ni mkalimani, sijui ni majirani walioitwa tena kuulizwa. Asubuhi wanawake wa jumuiya walikuja na unga, mkaa, na mikeka. Mama Nsimire amekubali kwamba mwanawe amekufa, basi msiba wake haujaliliwa. Huwezi kusema mtu amekufa halafu ukaendelea kuchambua maharage. Wakatandika mikeka nje, wakakaa. Wakaimba. Wakamvua mama kitambaa cha kichwa.

Mimi nilipika nsima, ugali wa huku, kwa ajili ya waombolezaji wa dada yangu. Nilikoroga mpaka bega likauma. Kila aliyeingia alinipa pole. Nilitaka kuwatoa wote nje kwa mwiko. Ni watu wema, wameacha kazi zao, wametoa unga ambao hawana, na nilitaka kuwapiga.

Mama alilia sasa. Alilia kama mtu aliyepewa taarifa leo asubuhi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwenyekiti wa jumuiya alisema, na wengine wakaitikia. Hakuna aliyejua kwamba aliyekuwa analiliwa labda anauza samaki mahali fulani Kigoma, mzima, anasonya wateja.

Jumapili, 15 Juni

Esperansi amejifungua. Mtoto wa kike. Wamempa jina la furaha, kama kawaida.

Mugisho amepita kwa majirani wote. Ameomba kwa unyenyekevu. Wakaguzi wanaweza kuja tena kabla ya safari, na wakisikia Mama Nsimire kila kona watauliza upya. Basi kuanzia sasa tafadhali waseme Mama Namwezi. Wote wamekubali. Mmoja alimwambia ilipaswa kuwa hivyo tangu zamani, marehemu hafai kuitwaitwa.

Nilimuuliza nani alimtuma. Akasema mama mwenyewe.

Nikaenda kwake. Alikuwa amempakata mjukuu. Nikamwambia si lazima, Mama, tutapata njia nyingine. Akasema nimsaidie kubadilisha kinepi. Nikamsaidia.

Jumatano, 25 Juni

Baridi na upepo. Nimemaliza sketi mbili za shule. Uzi mweusi umekwisha.

Jioni tulikwenda bombani, mimi na mama. Foleni ndefu. Mama alikuwa mbele yangu kidogo na ndoo yake, amejifunga kitenge cha Tsoka. Zamu yake ikafika. Mwanamke anayesimamia bomba akamwita asogee.

"Mama Namwezi."

Mama alikuwa anaangalia barabara inayoingia kambini. Watu walikuwa wanashuka kwenye gari, wapya, na mizigo.

"Mama Namwezi," yule mwanamke akarudia, bila ukali.

Wa nyuma wakaanza kunitazama mimi. Jina langu lilitajwa mara ya tatu. Nikaweka ndoo yangu chini, nikamgusa bega.

"Mama," nikamwambia. "Ni weye banaita."